Siku moja ya pikipiki na marafiki katika milima ya Oaxaca, Meksiko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ni njia gani hasa inayozungumziwa hapa?

Ni barabara namba 175 inayotoka jiji la Oaxaca kwenda kaskazini na kupanda Sierra Norte, nchi ya Wazapoteki, wenyeji asilia wa milima hii. Mnatoka mjini kwa barabara 190 kuelekea mashariki, na baada ya kilomita chache mnakata kushoto penye mnara wa Benito Juárez, aliyekuwa rais wa Meksiko. Kuanzia hapo ni mlima. Jiji liko kwenye mita 1,550 hivi kutoka usawa wa bahari. La Cumbre, mwisho wa mpando wa kwanza, imepita mita 2,700. Kisha barabara inateremka hadi mtoni na kupanda tena hadi Guelatao, kijiji alichozaliwa Juárez mwaka 1806, halafu Ixtlán de Juárez, kilomita 60 hivi kutoka mjini.

Kutoka Ixtlán mnaweza kuchepuka kwenda Capulálpam de Méndez, mji mdogo wa mawe ya rangi ya asali, mwendo wa nusu saa. Au mnaendelea na 175 hadi Llano de las Flores, uwanda wa nyasi katikati ya misonobari, juu ya mita 2,800. Kwenda kote kuwili na kurudi Oaxaca ni kilomita 200 na ushee. Msishawishike kushuka hadi Tuxtepec na kurudi siku hiyohiyo. Msitu wa mawingu upande ule ni mzuri kuliko wote, lakini kwenda tu ni kama kilomita 220 za kona mfululizo. Hiyo ni safari ya kulala.

Kilomita 200 zinahitaji siku nzima kweli?

Ndiyo. Milimani huku wastani wa kundi, ukijumlisha kusimama, ni kilomita 35 hadi 40 kwa saa. Mtu peke yake atafika Ixtlán kwa saa moja na nusu. Kundi la watu watano linataka saa mbili, kwa sababu kila kituo cha dakika tano huishia dakika kumi na tano. Ondokeni saa 1 asubuhi (saa zao zitasoma 7:00), mfike Ixtlán saa 3, Llano de las Flores saa 5, chakula saa 7 au 8 mchana, na muanze kurudi kabla ya saa 9. Mwezi Disemba jua linazama karibu saa 12 jioni. Juni linachelewa kwa kama saa moja. Ratiba yote ipangeni kutokea hapo kurudi nyuma: kwanza muda wa kufika mjini kukiwa bado na mwanga, ndipo mengine.

Tuwe wangapi, na nani akae wapi?

Wanne hadi sita. Wakizidi sita, gawanyeni makundi mawili yanayopishana dakika kumi, kila moja na kiongozi wake.

Kiongozi ni yule anayejua njia na anayeweza kuendesha polepole bila kuchoka. Wa mwisho awe ndiye mzoefu kuliko wote, abebe zana na sanduku la huduma ya kwanza, na kamwe asimpite mtu. Asiye mzoefu akae wa pili, nyuma ya kiongozi, kwa sababu mkia wa kundi hulazimika kukimbia ili kuziba mapengo. Ukimweka mgeni nyuma, unamlazimisha kuingia kona kwa kasi isiyo yake.

Kwenye barabara iliyonyooka pangeni safu mbili za kupishana, kila mtu sekunde mbili nyuma ya aliye mbele yake kwenye safu hiyohiyo. Kwenye kona vunjeni safu hiyo na mwende mmojammoja, ili kila mtu awe na upana wote wa njia yake. Mvua ikinyesha, sekunde nne.

Njia panda msitegemee simu, mtandao milimani unakatikakatika. Tumieni utaratibu huu: kiongozi akifika njia panda anamwonyesha wa pili mahali pa kusimama, huyo anabaki pale akiwaelekeza wengine hadi amwone wa mwisho, kisha anaingia mbele yake. Hakuna anayepotea, na hakuna anayehitaji kumkimbilia mwenzake. Sharti ni moja: aliyewekwa asiondoke hata akingoja nusu saa.

Tumezoea kuendesha kushoto. Kulia kunasumbua kiasi gani?

Kwa aliyetoka Kenya, Tanzania au Uganda, dakika kumi za kwanza si tatizo, maana akili iko macho. Hatari inakuja baadaye, mahali patupu pasipo gari la kukukumbusha: unapotoka kituo cha mafuta, unapogeuza pikipiki baada ya kupiga picha, na unapoondoka mgahawani ukiwa umeshiba. Bandikeni kipande cha utepe mwekundu upande wa kulia wa tanki, na kila mnapoondoka kiongozi ainue mkono wa kulia kabla ya kuwasha. Ndugu kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wao wameshazoea.

Kuna jambo ambalo wengi hawaliwazii. Ukiendesha kushoto, kona inayokuweka karibu na mstari wa katikati huku umelala ni ya kulia. Hapa ni ya kushoto. Tairi zako zinaweza kuwa upande wako kabisa, lakini kichwa na bega vimevuka mstari, na lori linaloteremka limeukata mstari huohuo. Kwenye kila kona ya kushoto isiyoonyesha mwisho, kaa angalau mita moja na nusu kutoka mstarini hadi uone inakofungukia.

Pikipiki ya aina gani inatosha?

Cc 250 hadi 500 inatosha kabisa, na kwa njia hii ni bora kuliko mashine ya cc 1,200. Nyepesi inasimama haraka, inapita tuta bila kugonga tumbo, na ikianguka mtu mmoja anaiinua. Wenyeji wengi wanapanda milima hii kwa Italika au Honda za cc 150. Bajaj pia zipo Meksiko, hasa Pulsar na Dominar, kwa hiyo aliyezizoea nyumbani atajisikia kwao. Cc 150 ikibeba watu wawili itafika, ila kwa gia ya pili na subira.

Njia hii yote ni lami, kwa hiyo tairi za barabara au za mchanganyiko zinafaa. Za meno makubwa ya matope ziacheni. Zinateleza kwenye kona zenye maji.

Milima inapunguza nguvu ya injini?

Inapunguza, na si kidogo. Kwenye mita 2,800 hewa ni pungufu kwa karibu robo ikilinganishwa na pwani, na injini ya kawaida inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Yenye mfumo wa sindano (injection, unaonyunyiza mafuta kwa kompyuta) inapima hewa na kupunguza mafuta yenyewe. Yenye kabureta inaendelea kumwaga mafuta yaleyale kwenye hewa kidogo, ndiyo maana inakohoa, inatoa moshi mweusi na plagi inashika masizi. Kwa safari ya siku moja msibadilishe jeti, yaani kitundu cha kupitishia mafuta kwenye kabureta. Shuka gia moja, usifungue mkono wote wa mafuta kwa ghafla, na usivute choki asubuhi zaidi ya lazima. Ikizima La Cumbre baada ya kupumzika, mara nyingi imejaa mafuta: fungua mkono wote, piga stata sekunde chache, itawaka.

Mwili nao unahisi. Kichwa kikianza kuuma, kunywa maji na usipande zaidi mpaka kitulie.

Tukague nini kabla ya kuondoka, hasa pikipiki za kukodi?

Msikubali kuharakishwa. Anzeni na mnyororo: weka gia huru, tafuta katikati ya urefu wa chini, usukume juu na chini kwa kidole. Nyingi za barabara zinataka mchezo wa milimita 25 hadi 35; zile ndefu za nyikani 35 hadi 45; kipimo halisi kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Zungusha gurudumu na pima sehemu tatu. Mnyororo ukilegea hapa na kukaza pale, umevutika bila usawa, ombeni pikipiki nyingine. Ukikazwa mno ni hatari kuliko ukilegea kidogo, kwa sababu abiria akipanda unavutana na kuchosha beringi.

Kisha breki. Sukuma pikipiki, kamata ya mbele, ioneni ikisimama bila kunesa kama sponji. Pedi chini ya milimita mbili hazifai kwa njia hii, maana mteremko kutoka La Cumbre kurudi mjini unashuka zaidi ya mita 1,000. Upepo wa tairi upimeni zikiwa baridi. Taa ya breki iwake kwa lever zote mbili. Watu wa nyuma yako wanaishi kwa taa hiyo. Pigeni picha kila mkwaruzo kabla ya kusaini.

Hayo matuta yanayosemwa sana, yakoje?

Yanaitwa *topes*, na ndiyo yanayoangusha wageni kuliko kona. Karibu kila kijiji kina tuta mlangoni, katikati na mwishoni. Mengine yana alama ya njano, mengine rangi imefutika, na mengine wanakijiji wamejijengea wenyewe bila kibao. Lililo chini ya kivuli cha mti saa za mchana halionekani hadi mita ishirini. Ukiona nyumba mbili zimefuatana, au mtu amesimama kando ya barabara akiuza karanga na matunda, punguza mwendo: muuzaji huyo amechagua mahali ambapo magari hulazimika kwenda taratibu.

Namna ya kulivuka: funga breki kabla, ukiwa umenyooka, shuka hadi gia ya kwanza au ya pili. Achia breki ya mbele kabla gurudumu halijagusa tuta. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Breki ikiwa imekamatwa, shoki za mbele zimeshabonyea na hazina nafasi ya kumeza pigo, basi pigo lote linaishia kwenye ringi na mikononi mwako. Inuka kidogo kwenye vikanyagio, magoti yakiwa yamekunjwa, ongeza mafuta kidogo gurudumu la mbele linapopanda, na vuka kwa pembe mraba. Kulivuka kwa mshazari ili kupunguza mtikisiko kunafaa gari dogo, pikipiki inateleza.

Kuna aina ya pili, safu ya vichwa vya chuma vya duara vilivyokitwa kwenye lami. Vikilowa ni kama sabuni. Tafuta pengo kati ya kimoja na kingine, nyoosha usukani, usiguse breki wala usiongeze mafuta ukiwa juu yake.

Kwa kundi: kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unasafiri karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo anayefuata mita kumi nyuma atamgonga aliye mbele kabla mkono wake haujafika kwenye breki. Kiongozi agonge breki mara tatu taa iwake, na anyooshe kiganja kuelekea chini. Kila mtu arudishe ishara hiyo nyuma.

Lori limewasha indiketa ya kushoto mbele yangu. Lina maana gani?

Lina maana mbili, na zinapingana. Madereva wengi wa malori huiwasha kukuambia njia ya mbele ni tupu, pita. Lakini pia inaweza kuwa anakata kushoto kweli. Tazama mbele yake: kuna njia ya pembeni, kituo cha mafuta, lango la shamba? Taa za breki zimewaka? Kama lipo lolote kati ya hayo, usipite. Na hata akikuruhusu kwa dhati, yeye anaona gari linalokuja, haoni uwezo wa pikipiki yako kwenye mlima. Apite mmoja, arudi upande wake, ndipo wa pili ajipimie mwenyewe. Kupita kwa mkumbo, kila mtu akimfuata mgongo wa mwenzake, ndiko kunakoua.

Kwa sababu hiyohiyo, wewe ukitaka kukata kushoto kwenye barabara kuu, usisimame katikati na indiketa. Toka kulia kwenye ukingo, subiri pande zote mbili ziwe tupu, kisha vuka. Na kwenye daraja jembamba, anayekuwashia taa kubwa anasema anapita yeye kwanza. Mpishe.

Mafuta tujaze wapi?

Tangi lijae Oaxaca, kisha ongezeni Ixtlán hata kama mmetumia nusu tu, kwa sababu mkiipita hapo kuelekea milimani hamna uhakika tena. Bomba la kijani ni *Magna*, oktani 87. Jekundu ni *Premium*, 91. Jeusi ni dizeli. Pikipiki nyingi zinatosheka na kijani.

Anayejaza ni mhudumu. Mwambie kiasi cha pesa au sema *lleno*, yaani tangi zima, na kabla hajaanza tazama kipimo kisome sifuri. Hata yeye atakuonyesha kwa kidole na kusema *ceros*. Peso tano au kumi za bakshishi ni kawaida. Pesa taslimu zichukueni Oaxaca, noti za 20, 50 na 100. Noti ya 500 kijijini itakosa chenji.

Miezi gani ni mizuri, na tuvae nini?

Novemba hadi Machi. Mvua zinaanza Mei au Juni hadi Oktoba, na kawaida hunyesha alasiri. Hata msimu wa mvua safari inawezekana kwa anayeamka mapema, lakini baada ya usiku wa mvua tegemeeni mawe na udongo uliomwagika kwenye kona. Kibao *derrumbes* kinaonya juu ya maporomoko. Ukungu huteremka La Cumbre mchana bila kuaga.

Oaxaca mnaweza kuondoka na nyuzi 14 na kukuta 5 huko juu asubuhi ya Januari, kisha 28 mjini wakati wa kurudi. Vaeni kwa tabaka: koti la pikipiki, sweta, na koti la mvua ambalo linazuia upepo pia. Glovu jozi mbili. Kioo cha kofia kiwe cheupe, cheusi kina shida kwenye ukungu na kwenye vizuizi vya askari.

Tairi likitoboka?

Vijijini kote kuna mafundi wa tairi. Tafuta tairi kuukuu lililosimamishwa kando ya barabara na kuandikwa *vulcanizadora* au *llantera*. Ni mafundi hodari, ila wamezoea zaidi magari, kwa hiyo vueni gurudumu wenyewe mkiweza.

Kati ya kundi zima beba hivi: seti ya viziba vya tairi lisilo na tyubu, tyubu moja ya mbele kwa kila saizi iliyopo (ya mbele inaweza kusukumizwa nyuma kwa dharura, ya nyuma haiingii mbele), vyuma vitatu vya kufungulia tairi, pampu ndogo, kiungo cha mnyororo cha saizi yenu, fyuzi, waya, utepe mpana, na lever moja ya klachi na ya breki. Lever ndiyo inayovunjika kila pikipiki inapoanguka ikiwa imesimama.

Tule wapi?

Asubuhi, *memelas* (vikate vya mahindi) na kahawa iliyochemshwa kwenye chungu. Mchana, kando ya 175 kuna migahawa ya samaki aina ya trauti wanaofugwa kwenye maji baridi ya mlimani. Agizeni mapema, kuwaandaa watu sita ni dakika arobaini. Mkipita sokoni Tlacolula, mji ulio mbele zaidi kwenye barabara 190, siku ya Jumapili, nyama ya *barbacoa* iliyopikwa shimoni inafaa kuahirishiwa safari. Mezcal, pombe kali ya huku, iacheni hadi pikipiki zimefungwa mjini. Wenyeji watakukaribisha kwa moyo mweupe, na kumkatalia mtu kwa heshima huku ukionyesha kofia yako kunaeleweka.

Salimia kila unayemkuta, *buenos días* au *buenas tardes*, kabla ya kuuliza chochote. Ardhi na misitu hapa ni mali ya jumuiya za vijiji, na nyasi za Llano de las Flores si uwanja wa michezo ya pikipiki. Zaidi ya manispaa 400 kati ya 570 za Oaxaca zinajiongoza kwa taratibu za jadi, na mkuu wa kijiji akitoza ada ya kiingilio, ndiyo sheria ya hapo.

Tukikuta kizuizi?

Cha jeshi au Guardia Nacional (kikosi cha usalama cha taifa): punguzeni mwendo, inueni kioo, zimeni injini mkiambiwa. Maswali ni mawili, mnatoka wapi na mnakwenda wapi. Jibuni kwa majina ya miji.

Cha wananchi, *bloqueo*, ni jambo jingine. Walimu, wanavijiji au madereva hufunga barabara kudai haki zao, na Oaxaca ni kawaida, zaidi mwezi Mei. Mara nyingine pikipiki huruhusiwa. Mmoja wenu avue kofia, aende kwa miguu, asalimie na kuuliza. Wakikataa, geuzeni. Msipenye pembeni wala msipige picha.

Hati gani zinahitajika?

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza, isipokuwa ana viza halali au ukaazi wa kudumu wa Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen. Ubalozi wa Meksiko uko Nairobi. Leseni iwe na daraja A. Bima lazima iwe ya Meksiko. Ya Marekani au Kanada haitambuliki.

Wanaoingia na pikipiki yao kutoka Marekani wachukue kibali cha muda kwa Banjercito, benki ya jeshi la Meksiko. Dhamana ni dola 400 kwa chombo cha mwaka 2007 au kipya zaidi, na hurudishwa mkikifuta kibali mpakani kabla hakijaisha muda. Wanaovuka bila kukifuta hupoteza dhamana yote.

Ajali au hitilafu ikitokea?

Dharura ni 911. Kwa hitilafu ya barabarani piga 078, Ángeles Verdes, magari ya kijani ya serikali yanayosaidia wasafiri mchana. Kazi ni bure, mnalipia vipuri na mafuta. Ajali yenye uharibifu: mmoja arudi mita 100 nyuma ya kona kuonya magari, mwingine apige simu ya bima. Msisaini wala kukubaliana malipo kabla mkaguzi wa bima hajafika. Majeruhi msimvue kofia kama anapumua vizuri.

Na giza likitukuta bado mlimani?

Laleni. Ixtlán na Capulálpam zina nyumba za wageni na vibanda vya jumuiya, na bei yake ni ndogo. Usiku ng'ombe na punda hulala kwenye lami kwa sababu ina joto, malori mengine hayana taa za nyuma, na matuta hayaonekani kabisa. Kama mmeshavuka La Cumbre na zimebaki kilomita ishirini, shukeni kwa gia ya pili au ya tatu, breki zipumzike, aliye na taa kali atangulie, na kila mtu aangalie taa ya nyuma ya mwenzake bila kuisogelea. Mpigieni mwenye pikipiki mapema kumwambia mtachelewa. Wengi hufunga duka saa 2 usiku na kutoza siku ya pili.